Kwa mshauri mpya wa askari wastaafu: anza na usiku

Ukianza kazi ya ushauri nasaha na wastaafu wa KDF, jeshi la ulinzi la Kenya, wengi utawapokea wakiwa wameletwa: mke amechoka, au kaka ametishia kumfukuza nyumbani. Waliomleta watakwambia amezidisha pombe. Usianzie hapo. Muulize analalaje.

Askari aliyeingia Somalia na operesheni ya Linda Nchi Oktoba 2011, au aliyepoteza wenzake kambi yao ya El Adde huko Somalia iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, ameshaulizwa habari za pombe hadi zimemchosha. Habari za usiku hajaulizwa na mtu. Hapo ndipo utasikia kwamba hunywa saa tatu ili apate usingizi, na saa nane ameshaamka, shuka limelowa jasho. Pombe ikianza kuisha mwilini, usingizi hukatika na ndoto hurudi kwa nguvu, basi anaongeza glasi nyingine. Nimekutana na waliotafuta kazi ya ulinzi wa usiku makusudi, wasilazimike kufumba macho gizani. Wanakesha wakitafuna muguka, majani ya kufukuza usingizi, na asubuhi wanatafuta chang'aa ya kukata handasi, ule mchangamko wa muguka.

Ukimwambia mtu huyo aache pombe kwanza ndipo mzungumze hayo mengine, umemnyang'anya dawa pekee aliyo nayo. Hatarudi. Kiwewe na ulevi vitibiwe pamoja, tangu siku ya kwanza.

Na nakusihi, usimwamuru anayekunywa kila siku aache ghafla. Siku mbili tatu za mwanzo anaweza kupata degedege, kisha kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo, na watu hufa kwa hilo. Ukiona mikono inatetemeka asubuhi kabla hajagusa kinywaji, mpeleke hospitali apunguziwe chini ya uangalizi wa daktari. Uliza pia kama ananunua vidonge vya usingizi. Vikichanganyika na pombe vinaweza kumkatiza pumzi akiwa amelala.

Chumbani mwache achague kiti. Mara nyingi atachukua kile kinachotazama mlango, mgongo ukiwa ukutani, nawe usimhamishe. Usimdai hadithi ya vita siku hiyo. Kuna mbinu nzuri za kuirejea hadithi hiyo polepole, lakini zina mafunzo yake. Kama huna, mpe rufaa kwa aliyenazo.

Mke zungumza naye peke yake, mume akijua na akiridhia. Muulize wanalala wapi. Wake wengi wamehamia chumba cha watoto kwa sababu mume hupiga mateke na ngumi usingizini, nao hawajamwambia mtu kwa aibu. Umweleze asimwamshe kwa kumgusa. Asimame miguuni pa kitanda na amwite kwa jina. Mpe pia namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure.

Kuhusu kujiua, uliza waziwazi, kwa neno lenyewe. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Wengine hunyamaza wakiogopa kushtakiwa, kwa hiyo waambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba. Akikiri, usimwache peke yake. Uliza nyumbani kuna nini, dawa za shambani, vidonge au silaha, na hakikisha kabla ya jioni mtu wa familia ameviondoa.