Kwa wanaoanza kusoma wahafidhina: kalamu nyekundu na maji ya wali

Insha yangu ya kwanza kuhusu uhafidhina, yaani siasa ya kuhifadhi kilichokuwepo na kubadili polepole, ilirudi na maneno mawili pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Na Marekani?" Nilikuwa nimeandika kwa kujiamini kabisa kwamba Edmund Burke alichukia mapinduzi yote. Usiku kucha nilipiga msuli wa kusoma, ila msuli wenyewe ulikuwa wa desa, muhtasari wa kukariri, la kurasa nne nililotoa kopi steshenari. Desa lilimwita baba wa uhafidhina na mpinga mapinduzi, likaishia hapo. Na mimi nikaishia hapo.

Burke alizaliwa Dublin, akawa mbunge Uingereza. Mwaka 1775 alisimama bungeni akiwataka wenzake wapatane na makoloni ya Marekani badala ya kuyapiga. Baadaye akamshitaki Warren Hastings, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Bengal, mbele ya Malodi, baraza la juu la bunge, kwa yale Wahindi waliyotendewa chini ya Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza iliyotawala huko. Kesi ilianza 1788, ikaisha 1795, na Hastings akaachiwa. Katikati ya hayo yote, mwaka 1790, mtu huyohuyo anatoa kitabu kikali dhidi ya Mapinduzi ya Ufaransa, wakati Mfalme Louis XVI bado yuko hai na umwagaji damu wa 1793 haujaanza. Sasa, wadogo zangu, anzeni na swali hilo: kitu gani kinamfanya mtu mmoja akubali huku na akatae kule? Msikimbilie jibu la chama. Alikuwa wa chama cha Whig, si cha Tory, chama kilichohesabiwa cha wahafidhina.

Nimeendesha semina za fesi yia, mwaka wa kwanza chuoni, miaka kadhaa sasa, na kila mwaka naona jibu liko palepale: namna anavyomwona binadamu. Kwa Burke, akili ya mtu mmoja ni mtaji mdogo, kwa hiyo ni afadhali akope kwenye benki ambayo mataifa na vizazi vimeiwekea akiba. Wamarekani aliwaona wanadai haki walizozizoea kama raia wa Kiingereza. Wafaransa aliwaona wanavunja nyumba nzima ili wajenge nyingine kwa ramani iliyochorwa juzi. Unaweza kubisha kwamba aliwasoma vibaya Wafaransa, na mimi nabisha, lakini sasa tunabishana na hoja yake yenyewe.

Wapo wahafidhina wanaofika hapo kwa njia ya dini: binadamu ameanguka, na hata mwema wa leo ukimpa rungu na funguo za hazina usije ukashangaa kesho. Wapo wanaofika kwa mashaka tu, bila kuhitaji dhambi ya asili: tunajua kidogo, basi twende polepole. Mtihani ukiuliza habari ya "hulka ya binadamu", zitenganishe njia hizi mbili. Wengi huzichanganya na kupoteza alama bure.

Kwa upande wa jamii, mtakutana na wazo la ushirika kati ya waliokufa, walio hai na ambao hawajazaliwa. Dola inakuja mwisho, na hapo wahafidhina wenyewe hawaelewani: mmoja anataka dola yenye mkono mzito, mwingine anataka isogee pembeni iache familia, dini na vyama vidogovidogo vifanye kazi. Msihangaike kuwapatanisha.

Mtu aliyenifungua macho hasa ni Michael Oakeshott, mwanafalsafa wa Kiingereza aliyeshika kiti cha sayansi ya siasa pale London School of Economics mwaka 1951, kiti alichokikalia kabla yake Harold Laski, mjamaa. Oakeshott alipenda mfano wa kitabu cha mapishi: kitabu hakimzai mpishi, mpishi ndiye anayekizaa kitabu. Nilisoma hayo mara tatu bila kuelewa, mpaka nilipokumbuka wali wangu wa kwanza geto. Mama alipima maji kwa kidole, pingili moja juu ya mchele. Na mimi nikatia kidole, pingili moja, nikapata uji. Kumbe sufuria yangu ilikuwa pana kuliko yake, na mchele ulikuwa mpya, usiotaka maji mengi. Mama alikuwa anaujua mchele mpya kwa kuushika tu. Hakuwahi kuniambia kwa sababu kwake halikuwa jambo la kusemwa. Hofu ya Oakeshott ni mtawala anayeingia jikoni na kipimo cha pingili moja peke yake.

Kuna jambo la lugha pia. Burke anatetea kitu anachokiita kwa Kiingereza "prejudice", ambacho kamusi itawapa kama "ubaguzi" au "chuki". Mkiandika kwamba Burke alitetea ubaguzi, insha imekwisha. Anachokitetea ni hukumu iliyokwishakaa ndani ya mtu kwa malezi, ile inayomfanya atende haraka bila kuanza hesabu upya kila asubuhi. Mimi huandika "mazoea ya kuhukumu" na kulieleza kwa sentensi moja.

Halafu methali. Kila mwaka kuna anayefungua insha na "Usiache mbachao kwa msala upitao". Si mbaya, inakaribia sana anachosema Oakeshott kuhusu kupenda kilichojaribiwa kuliko kisichojaribiwa. Ila methali haikuelezi la kufanya mbachao ukishatoboka. Burke anaeleza: dola isiyo na njia ya kujibadili haina njia ya kujihifadhi. Sentensi hiyo ndiyo watu wa madesa huiacha.

Kwenye semina za Tanzania lazima mtu ataleta Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, na ana haki. Mpango wa juu, watu wamehamishwa, ujuzi wa mkulima kuhusu udongo wake umebaki kwenye mahame. Mhafidhina angekuwa na mengi ya kusema. Lakini usimalize hapo, kwa sababu Nyerere mwaka 1962 aliutetea ujamaa kwa kurejea mila, udugu wa familia ya Kiafrika. Basi mila ni ya nani, na nani anaisemea? Nimewahi kuona semina ya saa moja ikiishia kwenye swali hilo, watu wamesimama mlangoni bado wanabishana, na darasa linalofuata linasubiri nje.

Msisome upande mmoja. Waandishi wawili waliotetea Mapinduzi ya Ufaransa walimjibu Burke: Mary Wollstonecraft mwaka huohuo wa 1790, Thomas Paine mwaka uliofuata. Burke ana ukurasa wa kumlilia Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa, na Paine anamwambia anahurumia manyoya na kumsahau ndege anayekufa. Ngumi hiyo inampata barabara, na sijaona mhafidhina aliyeikwepa vizuri. Lakini anzeni na Burke, maana ukianza na Paine utacheka bila kujua nani kapigwa.

Na mjue mapema: kitabu hicho cha 1790 ni barua kwa kijana wa Kifaransa, hakina sura hata moja. Mimi nilikigawa kwa penseli, kila hoja inapogeuka naweka msitari pembeni na maneno matatu. Ilinichukua wiki mbili na nusu. Desa lilikuwa limenichukua dakika ishirini.