Mumeo hakugeuka mvivu, mwanangu. Anaumwa

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39. Mume wangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka 16. Kazi zilipohamia kwenye kompyuta, kiwanda kikapunguza watu, naye akiwemo. Mimi nilikuwa nimeanza kazi muda si mrefu, Mungu akanijalia nikapandishwa cheo na kuhamishwa kituo, tukahama wote. Huu ni mwaka wa pili ninalipa kila kitu. Mwanzoni alihangaika kutafuta kazi, lakini siku hizi hata kuoga mpaka aambiwe. Mchana analala, usiku namsikia anazunguka sebuleni. Amekonda. Watoto wakicheza anawafokea. Sijawahi kumdharau hata siku moja, ila nimechoka kulea mtoto wa nne mwenye ndevu. Nikimgombeza anatafuta huruma, eti "nyinyi mtakaa vizuri zaidi bila mimi". Mwezi huu amempa mdogo wake saa yake na sanduku lake la vifaa, vifaa ambavyo vingemsaidia kupata vibarua! Watoto wenyewe wakitaka kitu wanampita hapo alipokaa wanakuja kwangu, maana wanajua nani anaendesha nyumba. Wenzangu kwenye kundi letu la akina mama wananiambia niondoke nisije nikazeekea kwa mwanamume asiye na faida. Niombe talaka au nivumilie? – Niliyechoka*

Marahaba mwanangu. Pole. Kubeba nyumba ya watu watano peke yako kunachosha, na uchovu wako naupokea bila kuupunguza. Lakini hiyo talaka tuiweke pembeni kwanza. Ndani ya barua yako kuna jambo ambalo haliwezi kusubiri, nawe umeligusa kwa mstari mmoja ukaendelea na malalamiko.

Mumeo amegawa saa yake. Amegawa vifaa vilivyomlisha yeye na kukulisha wewe kwa miaka 16. Halali usiku, amekonda, na anasema mtakaa vizuri bila yeye. Wewe umeona uzembe na kutafuta huruma. Mimi nakuambia wazi, bila kuzungukazunguka: mumeo huenda anawaza kujiua. Kugawa vitu anavyovithamini na kujiona mzigo kwa watu wake ni miongoni mwa dalili ambazo wahudumu wa afya ya akili hufundishwa wasizipuuze. Inawezekana nimekosea. Nikiwa nimekosea, mtakuwa mmepoteza jioni moja ya mazungumzo. Nikiwa sijakosea, ukinyamaza utampoteza yeye.

Kwa hiyo leo, watoto wakishalala, weka simu mbali, kaa karibu naye, umuulize kwa maneno haya haya: "Mume wangu, unawaza kujiua?" Usilizungushe swali. Watu wengi huogopa kuuliza wakidhani watampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Shirika la Afya Duniani limeeleza mara nyingi kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kujiua, na mara nyingi humpunguzia mzigo kwa sababu hatimaye kuna mtu amemwona. Akianza kusema, sikiliza. Usimkatize kwa "utawezaje kusema hivyo na una watoto", usimsomee mahubiri, usimkumbushe nani analipa kodi. Akikubali kwamba anawaza hivyo, usimwache peke yake hata kidogo, na siku hiyo hiyo mpeleke hospitali, usiku au mchana. Akikataa pia, dawa zote za ndani na sumu za wadudu na panya zifungie au zitoe kabisa nyumbani. Na kabla hujalala mpigie yule mdogo wake. Muulize kaka yake alimwambia nini alipokuwa akimkabidhi saa. Mtu hamvulii mwenzake saa kimya kimya.

Hayo ni ya leo. Sasa turudi kwenye barua yako, mwanangu, kwa sababu sikubaliani nayo.

Umeandika kwamba hujawahi kumdharau hata siku moja. Kabla sentensi haijaisha umemwita mtoto wa nne mwenye ndevu. Kama unaniandikia hivyo mimi nisiyekujua, yeye anayelala kitanda kimoja nawe anasikia nini? Unasema watoto wanampita kuja kwako kwa sababu wanajua nani anaendesha nyumba. Watoto hawazaliwi wakijua hilo, hufundishwa na masikio yao. Waliusikia mdomo wako, au waliona unavyomtazama anapotoa maoni juu ya jambo la fedha. Na umeniambia kila alichoacha kufanya, hukuniambia hata kimoja anachofanya. Nani anawapokea watoto wakitoka shule wakati wewe uko kazini? Nani anabaki na mgonjwa ndani? Barua nzima iko kimya hapo, na ukimya huo nimeusoma. Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mifupa.

Sisemi wewe ndiye uliyemtia ugonjwa. Hapana. Aliangushwa na dunia kabla wewe hujamsema. Lakini alipokuwa chini, umekuwa ukimsemea pale pale chini.

Nikueleze kinachompata mtu wa namna yake, maana jambo hili limechunguzwa zamani. Kulikuwa na kijiji huko Austria kiitwacho Marienthal, ambacho karibu chote kiliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda hicho kilifungwa kati ya 1929 na 1930. Watafiti, akiwemo mwanasaikolojia Marie Jahoda, wakaenda kukaa na watu wale waone itakuwaje. Ungedhani watu wenye muda mwingi watasoma zaidi, watakutana zaidi, watafanya hiki na kile. Ikawa kinyume. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua. Wanaume waliotembea barabarani walikwenda polepole kuliko wanawake, wakisimama kila mara bila sababu. Wengi wao waliacha hata kutembea na saa. Wakiulizwa siku yao ilipitaje, hawakujua cha kujibu. Wake zao walibaki na kazi za nyumbani, kwa hiyo siku zao bado zilikuwa na asubuhi na jioni. Miaka iliyofuata Jahoda alieleza kwamba ajira humpa mtu zaidi ya mshahara: humpangia siku, humkutanisha na watu nje ya familia, humfanya ajione sehemu ya jambo linalomzidi, humpa heshima ya kutambulika ni nani. Hivyo vyote mumeo alinyang'anywa siku moja, na karatasi ya malipo ya mwisho haikutaja hata kimoja. Halafu mkahama. Wale ndugu na marafiki ambao wangemtoa nje wakamchekesha, mkawaacha huko.

Mwaka 1967 madaktari wawili Wamarekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja na alama kwa jinsi linavyomtikisa mtu. Kufiwa na mwenzi ni 100. Kufukuzwa kazi ni 47, kubadilika kwa hali ya fedha 38, mke kuanza au kuacha kazi 26, kuhama makazi 20. Mumeo yamempata yote manne mfululizo. Na jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba orodha ile inahesabu hata mema. Ndoa imo, kwa alama 50. Mabadiliko ya majukumu kazini yamo pia, kwa alama 29, hata kama ni ya kupanda. Maana yake hata wewe umetikiswa, mwanangu, kwa hicho cheo unachomshukuru Mungu. Ndiyo maana umechoka kiasi hiki, na uchovu huo unaumwaga kwa mtu aliye karibu.

Mtu anapokosa raha au kupoteza hamu ya kila kitu karibu kila siku, kwa majuma mawili au zaidi, usingizi ukamvurugika, chakula kikamshinda, mwili ukamwishia nguvu na akajiona hana thamani, madaktari huita hali hiyo sonona. Ni ugonjwa, na una tiba. Kwa wanaume wengi hauji na machozi. Huja na hasira, kufokea watoto, kujifungia, wengine kwenye pombe. Kwa hiyo nyumba nzima inasema "amekuwa mkali", "amekuwa mvivu", na hakuna anayesema "anaumwa". Wanawake ndio wanaougua sonona kwa wingi zaidi, lakini wanaume ndio wanaojiua zaidi, mara mbili ya wanawake na kupita. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 727,000 walijiua duniani mwaka 2021 peke yake. Wengi wao walikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba hizo walikuwamo watu waliodhani mwenzao ananuna tu.

Ndoa za siku hizi zina tatizo hili na hakuna anayelisema. Kwa vizazi vingi tumemlea mvulana tukimwambia mwanamume ni mfuko wake. Kisha tukamsomesha msichana, jambo jema, nitalitetea mpaka nife, tukamwambia aende akatafute chake. Tukawaozesha hao wawili bila kuwaambia mambo yakigeuka wataishije. Mambo yamegeuka. Mashine zinakula kazi ambazo zilikuwa za wanaume kwa wanaume, wake wanapanda, na mume anabaki sebuleni akitafuta jina jipya la kujiita. Zamani mambo yangefika huko, wazee wangeingia, shemeji angekuja akae mwezi mzima, mama mkwe angekusema wewe na kumsema yeye. Walikuwa na kero zao, lakini mtu hakuweza kuzama ndani ya nyumba bila kuonekana. Leo familia ni watu watano nyuma ya mlango mmoja, na mshauri ni simu.

Nalo kundi lenu hilo la akina mama limenikera kweli. Mwanamume asiye na faida! Wewe ulipokuwa nyumbani unalea, kabla hujaanza kazi, mshahara wa nani ulilisha nyumba? Kuna siku alikuita mtu asiye na faida? Kama angekuwa anakupiga ningekuambia ondoka na watoto leo kisha tuzungumze, na kama kuna kipigo ambacho hukukiandika, niandikie upya. Lakini hukunitajia mkono, umenitajia ukimya. Wanaokushauri uondoke hawajawahi kumsikia akizunguka sebuleni saa nane za usiku. Wewe umemsikia, na ukaendelea kulala.

Yeye naye ana kosa lake, sitalificha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mumeo amefichia maradhi yake kwenye usingizi wa mchana na ukali. Nitamwambia hivyo hivyo akiniandikia. Ila mtu aliyezama kwenye sonona ni nadra kuinuka mwenyewe akatafute daktari, kwa hiyo hatua ya kwanza inakuangukia wewe. Si haki, najua.

Hata kama jibu lake la leo litakuwa hapana, juma hili asilimalize bila kuonana na daktari. Nenda naye, ombeni ruhusa kazini kwako kama ungeomba kwa mtoto mwenye homa. Mweleze daktari usingizi, kukonda, maneno yale, na saa. Usiache la saa. Atapimwa damu pia, maana yapo magonjwa ya mwili yanayofanana na haya, kama ya tezi ya shingoni au upungufu wa damu. Anaweza kupewa tiba ya mazungumzo, au dawa, au vyote viwili. Dawa za sonona huchukua majuma kadhaa kuonyesha kazi yake, kwa hiyo asiziache siku ya tano akisema hazifai, na asizikatishe ghafla akishajisikia nafuu. Wewe mwenyewe ukipata nafasi ya kuongea na mshauri, ongea. Kichwa chako nacho kimejaa.

Nyumbani, mtoto akija kwako kuomba kitu, mrudishe: "Umemuuliza baba?" Mbele yake, kwa sauti ya kawaida. Mambo ya fedha kaeni wawili muyapange mezani, hata kama fedha yote imetoka kwako. Vile vifaa mwombe mdogo wake avitunze, asiviuze. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mtu wa mitambo atavihitaji akipata nguvu. Lakini usimwambie kuhusu kazi kwa sasa. Hata matangazo ya ajira usimtumie. Mtu huyu apate usingizi kwanza, ale, atoke nje ya mlango akatembee nawe jioni. Yale maneno ya mtoto wa nne, yaondoe mdomoni mwako na kwenye kundi lako. Kama uliwahi kumtamkia yeye, mwombe radhi, kwa ufupi, bila kuongeza "lakini na wewe".

Kuhusu talaka sikujibu. Mke hapimi ndoa kwa mume aliye mgonjwa ambaye hata hajatibiwa, kwa sababu hajui anamwacha nani. Atibiwe, apite miezi, usingizi umrudie na sura yake irudi. Ikiwa hapo bado utataka kuondoka, niandikie na nitakusikiliza bila kukulaumu. Sasa mpigie shemeji yako.