Maswali ya Wasomaji: Kwa nini protoni haimo kwenye jedwali la chembe za msingi?

SWALI: Jedwali la chembe za msingi linaiweka muoni pamoja na elektroni, ingawa masi yake ni zaidi ya mara 200 ya elektroni. Protoni nayo haimo kabisa. Kigezo ni kipi?

JIBU: Masi si kigezo cha kwanza, wala cha pili. Jina lenyewe la leptoni, yaani kundi la elektroni na muoni, limewapoteza wengi: latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu chepesi, kwa kuwa zile zilizojulikana wakati huo zilikuwa nyepesi kweli. Katika miaka ya 1970 ikagunduliwa tau. Masi yake ni MeV 1,777 (MeV ni kizio cha nishati kinachotumika kupimia masi za chembe), karibu maradufu ya protoni yenye MeV 938, na bado ni leptoni.

Anza kwa kuuliza kama chembe ina vijenzi ndani yake. Protoni inatoka hapo hapo, kwani imejengwa kwa chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki: kwaki-juu mbili, kila moja na chaji 2/3, na kwaki-chini moja yenye −1/3. Jumlisha chaji: 2/3 + 2/3 − 1/3 = 1. Nyutroni ina kwaki-juu moja na kwaki-chini mbili, hivyo hesabu inaishia sifuri. Ukiruka hatua hii utaiweka chembe iitwayo pioni kati ya bosoni za msingi (zile zenye spini ya namba kamili) kwa sababu spini yake, sifa nitakayoieleza punde, ni 0, kumbe ni kwaki na kwaki-kinza (pacha wake wa chaji kinyume) zilizofungamana.

Zinazobaki zitenganishe kwa spini. Hii ni sifa ya kuzaliwa nayo, iliyo sawa na mzunguko kihesabu, ingawa chembe haizunguki kama pia. Zenye spini 1/2 ni fermioni, nazo ndizo zinazojenga maada. Fermioni mbili za aina moja haziwezi kuwa katika hali ileile, na ndiyo maana elektroni za atomu hujipanga katika matabaka badala ya kurundikana chini kabisa. Bila kanuni hiyo kemia tunayoijua isingekuwepo. Zenye spini 1 ni fotoni, gluoni, W na Z, wabebaji wa kani. Chembe ya Higgs, iliyotangazwa mwaka 2012 na CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ina spini 0, nayo iko peke yake.

Sasa rudi kwa fermioni na uulize: je, inashikwa na kani kali ya nyuklia, ile inayozifunga kwaki pamoja? Ikishikwa ni kwaki, isiposhikwa ni leptoni. Muoni haishikwi, na chaji yake ni −1 sawasawa na ya elektroni, kwa hiyo mahali pake ni hapo ulipoikuta. Masi huingia mwisho tu, katika kupanga vizazi vitatu: elektroni, muoni, tau, kila moja na nyutrino yake, leptoni nyepesi mno isiyo na chaji. Kwaki nazo ni sita, mbili kwa kila kizazi. Za vizazi vya juu zenye chaji hazidumu. Muoni ikiwa imetulia huishi kwa wastani wa mikrosekunde 2.2, kisha huoza na kutoa elektroni na nyutrino mbili.

SWALI: Basi masi ya protoni ni jumla ya masi za kwaki zake tatu?

JIBU: Hapana, na tofauti ni kubwa mno. Kwaki-juu ina takribani MeV 2, kwaki-chini karibu 5. Jumla ni kama MeV 9, yaani asilimia 1 hivi ya protoni. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni nishati ya mwendo wa kwaki na ya gluoni zinazozigandisha, kwa mujibu wa E = mc². Huwezi kuichomoa kwaki moja ukaipime mizanini: ukiivuta, nishati unayoitumia huzaa jozi mpya ya kwaki na kwaki-kinza, na kinachotoka mkononi mwako ni mesoni, yaani kwaki na kwaki-kinza zilizofungamana.