Oili ya mashine ya boti: ukiwa dukani Moshi, usiombe "2T" tu

Ingia duka lolote la vipuri Moshi mjini uulize, "Kaka, 2T ipo?", yaani oili ya injini za tu-stroku, ile inayochanganywa na petroli. Utaambiwa ipo, na kweli utapewa. Kitakachowekwa kaunta mara nyingi ni chupa yenye picha ya pikipiki au chenso, maana hao ndio wateja wa kila siku wa mji huu: wapasua mbao, wenye mabomba ya mota ya kupulizia kahawa, na wachache waliobaki na pikipiki za zamani. Muuzaji hajakudanganya. Ameombwa 2T, katoa 2T. Ila kama oili hiyo inakwenda kwenye mashine ya boti Lang'ata au kokote kule bwawa la Nyumba ya Mungu, ulichotakiwa kuomba ni TC-W3.

Herufi hizo ni alama ya ubora inayosimamiwa na NMMA, chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani. W ni ya maji: oili ya injini inayopozwa kwa maji. Oili iliyopimwa na kukubaliwa hupewa namba ya usajili inayoanza na RL, na chupa nyingi huichapa mgongoni kwa maandishi madogo. Yamalube 2M, Quicksilver na Neptuna 2T ni baadhi ya majina utakayoyakuta na alama hii. Jina si hoja kubwa. Rangi nayo si hoja kabisa. Bluu, kijani au nyekundu ni rangi tu iliyotiwa ili ujue kwa macho kama petroli yako imeshachanganywa.

Kwa nini tofauti hii ina uzito? Chenso hupozwa na upepo, na silinda yake inaweza kupita nyuzi 150 za Selsiasi ikiwa kazini. Mashine ya boti inavuta maji ya bwawa saa zote, kwa hiyo kuta za silinda zake hubaki na joto la chini sana ukilinganisha. Oili ya injini za upepo, ile yenye alama za ubora za Kijapani za JASO FB, FC au FD, huwekwa viungo vya kusafisha vyenye madini kama kalsiamu. Kwenye joto kali viungo hivyo vinafanya kazi nzuri. Kwenye injini ya baridi vinaacha majivu. Majivu hayo hujikusanya kichwani mwa pistoni na kwenye ncha za plagi. Mwanzo wake ni plagi kukosa moto, mashine ikawa inakohoa. Mwisho wake ni punje ya majivu kuwa nyekundu kama kaa, ikawasha mchanganyiko kabla plagi haijapiga, na pistoni ikatoboka katikati. TC-W3 haina madini hayo, kwa hiyo haiachi majivu, na imewekewa kinga ya kutu kwa sababu injini ya boti hukaa karibu na maji maisha yake yote.

Ndiyo maana hoja ya "hii FD ni daraja la juu kuliko hiyo yako" haina mashiko. Ni daraja la juu kwa chenso. Na kinyume chake ni kweli: ukitia TC-W3 kwenye chenso, haikuundwa kwa joto lile, ringi zitaganda kwenye mifereji yake na chenso itapoteza nguvu. Nyumba yenye boti na chenso iwe na madumu mawili yaliyoandikwa kwa rangi, tena yakae mbalimbali.

Oili ya injini ya kawaida, ile 40 au 20W-50 ya gari na bodaboda, usiifikirie. Ni nzito, haichanganyiki vizuri na petroli, na imejaa viungo vya madini. Oili ya kupima inayomiminwa kutoka kwenye pipa nayo iache hata kama muuzaji ni shemeji yako: hakuna namna ya kujua ni nini. Nunua chupa yenye lakiri ya karatasi ya bati chini ya kifuniko, ambayo haijabonyezwa wala kugundishwa upya.

Umefika mwaloni, umesahau oili, kilichopo ni 2T ya chenso tu? Itumie kuliko kwenda bila kitu. Changanya kwa kipimo kilekile, usifungue mafuta mpaka mwisho, maliza tangi hilo, kisha fungua plagi uzisafishe na urudi kwenye TC-W3. Tangi moja haliui mashine. Inayoua ni tabia ya msimu mzima.

Kipimo

Mashine nyingi za kabureta zinazouzwa sasa, baada ya kuzoezwa zikiwa mpya, hutaka 50 kwa 1, yaani sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili. Zipo zinazotaka 100 kwa 1 na za zamani sana zinazotaka 25 kwa 1 au karibu na hapo. Angalia kibandiko kwenye mashine yenyewe au kitabu chake, usimuulize jirani mwenye mashine ya aina nyingine.

Hesabu ni nyepesi: lita za petroli zidisha kwa 1000, gawa kwa namba ya kipimo, unapata mililita za oili. Kwa 50 kwa 1, kila lita ya petroli inataka mililita 20. Dumu la lita 20 ni mililita 400. Tangi la lita 24 ni 480. Chupa ya lita moja ya oili inatosha lita 50 za petroli. Kwa 25 kwa 1 dumu la lita 20 linataka 800, na kwa 100 kwa 1 linataka 200.

Vifuniko vya chupa, vikombe vya chai na "kadiria tu" ndivyo vinavyoleta fundi. Nunua bomba la sindano kubwa duka la dawa, au chupa ya maji ya nusu lita uichore alama kwa kalamu isiyofutika baada ya kupima mara moja kwa usahihi. Alama ya 400 ndiyo utakayoitumia kila siku.

Mpangilio wa kuchanganya nao una maana yake. Weka kwanza lita 4 au 5 za petroli kwenye dumu safi, mimina oili yote iliyopimwa, funga, tikisa dakika moja hivi. Ongeza petroli iliyobaki, tikisa tena. Pitisha kwenye faneli yenye chujio unapohamishia tangini. Kosa la kawaida ni kujaza petroli kituoni, kisha kumwagia oili juu yake na kuondoka. Oili ni nzito kuliko petroli, hivyo inazama. Bomba la kufyonzea liko chini ya tangi. Mashine itaanza kwa kunywa oili karibu tupu, moshi mzito wa bluu na plagi kulowa, halafu baadaye, ukiwa katikati ya maji, itakunywa petroli isiyo na oili na kunoki. Mtu atasema oili ilikuwa feki. Oili ilikuwa sawa, ilibaki chini.

Je, kuzidisha kidogo "kwa usalama" kunasaidia? Hapana, na hapa wengi hubisha. Tundu la jeti ndani ya kabureta halibadiliki. Ukijaza oili zaidi, petroli inayopita inapungua, mashine inachoma mchanganyiko mwembamba na kupata joto zaidi, huku kaboni ikiziba njia za moshi. Kupunguza ndiko kubaya zaidi, hilo halina ubishi: beringi za kranki na ukuta wa silinda hazina oili nyingine isipokuwa hiyo iliyomo kwenye petroli. Mashine ya tu-stroku haina sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Mashine mpya au iliyofungwa pistoni mpya huzoezwa kwa saa 10 za kwanza, nyingi zikiwa kwenye 25 kwa 1. Dakika 10 za mwanzo iache isilensi, yaani iungurume taratibu bila kuongezewa mafuta. Saa ya kwanza usifungue mafuta kupita nusu. Baada ya hapo panda na kushuka, usiishikilie juu kwa zaidi ya dakika chache mpaka saa 10 zitimie. Mashine ya HP 15 ikikamuliwa yote hunywa kama lita 6 hadi 8 kwa saa, lakini kwa mwendo huu wa kuzoeza ni chini ya hapo. Lita 2 za oili zitatosha kipindi chote. Ukimaliza, rudi 50 kwa 1 siku hiyohiyo. Kuna watu wanabaki kwenye 25 miaka mitatu wakilaumu plagi.

Kama mashine yako ina tangi lake la oili pembeni na pampu inayochanganya yenyewe, petroli itiwe tupu, isipokuwa kitabu kikitaka vinginevyo wakati wa kuzoeza. Humo weka TC-W3 peke yake. Kuchanganya na 2T ya aina nyingine kunaweza kutengeneza uji unaoziba mpira mwembamba wa pampu. Pampu ikifungwa kwa sababu imeharibika, andika juu ya tangi la petroli kwa herufi kubwa kwamba sasa unachanganya kwa mkono. Kijana wa zamu hatakumbuka.

Plagi ndiyo itakayokuambia kama ulichochagua kinafaa. Ifungue baada ya safari ya mwendo wa kawaida, si baada ya kuiacha isilensi nusu saa. Rangi ya chokoleti ya maziwa ni nzuri. Nyeusi iliyolowa ni oili nyingi, choki iliyosahaulika, au plagi dhaifu. Vipunje vya kijivu vilivyogandamana kwenye ncha ni majivu, rudi usome chupa. Nyeupe yenye vimetameta ni alumini ya pistoni. Zima, usiwashe tena. Na kabla hujailaumu oili kwa joto, tazama kitundu cha maji yanayochuruzika ubavuni. Mtiririko ukiwa dhaifu, impela (feni ya pampu ya maji) imekwisha au tope limeziba njia, na hakuna oili itakayotibu hilo.

Oili ya gia ni kitu kingine kabisa. Inakaa kwenye mguu wa chini, na haichanganywi na chochote. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Petroli iliyochanganywa usiiweke zaidi ya wiki tatu au nne kwenye joto la kule chini bwawani. Petroli inapungua kwa kuruka hewani, oili haipungui, na kipimo chako kinakuwa uongo. Uvuvi ukisimamishwa kwa miezi, chomoa mpira wa petroli mashine ikiwa inaunguruma majini mpaka izime yenyewe, fungua plagi, tia kijiko kimoja cha chai cha TC-W3 kila silinda, vuta kamba taratibu mara tano au sita, rudisha plagi. Iache imesimama wima, si kulalia ubavu wa gari.