Maswali yenu: Tunataka karakana ya wazi mtaani, tuanzie wapi?

Tangu toleo lililopita tuandike kuhusu hakaspesi, yani ile karakana ambayo mtu yeyote wa mtaani anaingia anakuta meza, zana, intaneti na watu wa kumuelekeza, meseji zimemiminika. Wengi mnataka kuanzisha ya kwenu, wengine mna hofu, mmoja kakasirika kabisa. Nimefurahi sana, na nimechukua yale maswali yanayojirudia.

SWALI: Shikamoo anko. Tuko vijana sita hapa Ngamiani, Tanga, wawili mafundi simu, mmoja fundi redio, mmoja yuko VETA, waliobaki tunajifunza programu wenyewe. Tunataka hakaspesi iwe wazi kwa mji mzima. Tumeshaandika orodha, printa ya 3D (ile inayojenga vitu kwa plastiki), mashine ya leza ya kukatia mbao, kompyuta kumi, ila hela hatuna. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba wanangu. Hiyo orodha iwekeni pembeni kwanza, mtairudia baadae. Nyie sita ndo mtaji, na mnachohitaji wiki hii ni siku na saa. Chagueni mfano Jumanne, saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku, alafu muilinde hiyo siku, mvua ikinyesha mpo, umeme ukikatika mpo, Coastal Union wakicheza mpo, maana mtu akija mara ya kwanza akakuta kufuli, mara ya pili haji tena na atawaambia na wenzake.

Hii Jumanne sijaitoa hewani. Desemba 2007 Wajerumani wawili, Jens Ohlig na Lars Weiler, walisimama kwenye mkutano wa Chaos Computer Club, chama cha wahaka wa Ujerumani, mjini Berlin wakaeleza mambo ambayo karakana za kwao zilikuwa zimejifunza kwa miaka mingi, na shauri lao mojawapo ni kwamba hakuna siku itakayomfaa kila mtu, mkianza kubishana hamtamaliza, kwa hiyo wekeni Jumanne mambo yaishe. Walikuwa na haki ya kusema, Berlin ilikuwa na karakana ya c-base tangu 1995 na Vienna ilikuwa na ya Metalab tangu 2006. Wamarekani waliokwenda Ujerumani mwaka huo wakarudi kwao na moto, ndo zikazaliwa Noisebridge ya San Francisco na NYC Resistor ya Brooklyn. Na hao Noisebridge walikuwa wakikutana mara kwa mara kwa muda mrefu tu kabla hawajapata chumba chao 2008. Watu kwanza, chumba baadae.

Sasa mahali. Kaombeni maktaba ya mkoa, kaombeni darasa la VETA baada ya vipindi, na ikishindikana kibaraza cha huyo fundi redio kinatosha. Leteni meza mbili zisizoyumba, taa nzuri, extension nzima yenye fyuzi, pasi mbili za solda, maltimita (kipimo cha umeme), seti ya bisibisi ndogo na laptop moja. Alafu tangazeni siku ya matengenezo, mtu aje na kitu chake kilichokufa. Huko Amsterdam mama mmoja, Martine Postma, alianza na wazo hilihili 2009, akaliita Repair Café, leo liko nchi nyingi.

Ila kuna sharti moja nawaomba msiliache: mwenye kitu ndo anakaa mezani na anashika bisibisi yeye. Akija mama na redio yake isiyotoa sauti, msiipokee mkamwambia rudi kesho. Mkalishe, afungue skrubu mwenyewe, muonyeshe kwenye bodi zile kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama, amtafute mwenyewe aliyevimba kichwa, maana kapasita nzima juu iko bapa na iliyochoka imetuna au imevuja kitu cha kahawia. Mpe nyaya za maltimita apime yeye. Akiondoka na redio inaimba ameondoka pia na kitu ambacho hakuna wa kumnyang'anya, na wiki ijayo atakuja na mtoto wake. Hapo ndo karakana inazaliwa, sio siku printa inapofika.

SWALI: Mi ni fundi simu Kariakoo miaka mingi. Hizi karakana zenu za bure zitatuua. Mtu atengenezewe bure kwani atakuja kwangu kufanya nini? Mnashabikia njaa ya watu.

JIBU: Kaka yangu, nimekusikia na hasira yako ina haki. Ukweli ni kwamba anayekuja na simu kwako anataka ipone leo, ana haraka, na ana hela ya kulipa ili asikae pale masaa mawili anajifunza. Anayekuja karakana ana muda na hana hela, au anataka kujua. Ni watu tofauti kwa sehemu kubwa, lakini sio wote, na kwa hiyo ninawaambia wanaoanzisha: msifungue matengenezo kila siku, msibadilishe vioo vya simu wala kufanya kazi zile ambazo ndo chakula cha fundi wa jirani, na kazi ikiwashinda mpelekeni mtu kwa fundi kwa jina na namba. Zaidi ya hapo, waalikeni mafundi wenyewe waje kufundisha na walipwe hata nauli na chakula. Ujuzi ulio mikononi mwenu, wa kusoma bodi kwa jicho tu, hakuna chuo kinachoufundisha vile, na inaniuma kuona unazeeka na mwenyewe bila kupata wa kumrithisha. Karakana ikikutumia bila kukuheshimu, ondoka.

SWALI: Habari za kazi. Sisi Mwanza tumeshakutana miezi kadhaa, tupo kama ishirini. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kuna wanaosema tusubiri mfadhili. Wewe unaonaje?

JIBU: Msisubiri. Mfadhili akija mshukuruni, anunue mashine, lakini kodi ya nyumba, umeme na intaneti vitoke mifukoni mwenu, kwa sababu mradi wa mfadhili una tarehe ya mwisho na mwenye nyumba hana habari na hiyo tarehe. Tumeona sehemu nzuri sana zikifungwa siku mradi ulipoisha wakati watu bado walikuwa wamejaa ndani.

Pigeni hesabu ya kawaida. Tuseme fremu ni 120,000 kwa mwezi, LUKU 30,000, intaneti 50,000, jumla laki mbili. Watu ishirini kila mmoja elfu kumi, imefika. Ila haitafika kila mwezi, kuna atakayefiwa, kuna atakayekosa kazi, kwa hiyo kabla hamjasaini chochote kusanyeni akiba ya miezi mitatu juu ya hiyo kodi ya kuanzia. Nendeni kwa mwenye nyumba na nusu ya alichotaka, na barua ya serikali ya mtaa, mjaribu kumshusha mpaka miezi mitatu, wengi wanakubali wakiona kundi la watu wazima wenye katiba. Mweka hazina asome mapato na matumizi kwa sauti kila mwezi mbele ya wote kama mnavyofanya kwenye vikoba, na hela ziingie kwenye lipa namba ya kikundi, sio simu ya mtu.

Na tofautisheni mwanachama na mgeni. Mwanachama analipa, ana ufunguo, anapiga kura. Mgeni anaingia siku za wazi na halipi hata senti. NYC Resistor walikwenda hivyo, wanachama wakabeba gharama na umma ukakaribishwa jioni maalum, na ni kwenye chumba kile watu watatu wakaanzisha MakerBot mwaka 2009, kampuni iliyosaidia sana kuzishusha printa za 3D kutoka viwandani mpaka mezani kwa watu wa kawaida. Mwanafunzi asiye na kitu alipe kwa kufagia na kupanga zana. Siku mtakapomtoza mgeni kiingilio mtakuwa mmefungua intaneti kafe, na hizo zipo tayari.

Usajili ni mambo mafupi. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, mjisajili kama kikundi kwenye halmashauri, mkikua mtafikiria kampuni au NGO. Wasomaji wa Kenya, kwenu kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022.

SWALI: Mwenyekiti wetu wa mtaa amesikia neno haka ndani ya hakaspesi akasema hataki wezi wa mitandao. Tufanyeje?

JIBU: Mwalikeni. Aje siku ya matengenezo, aje na pasi yake mbovu ya nguo, akae mezani. Alafu bandikeni ukutani sheria moja kwa herufi kubwa: hapa hatugusi mfumo wa mtu mwingine bila ruhusa yake. Hilo sio pambo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inalitaja waziwazi kuwa ni kosa, na mmoja wenu akifanya ujinga kwa intaneti ya karakana mtaingia matatani wote. Mnaotaka kujifunza usalama wa mitandao nunueni ruta ya mtumba, muishambulie hiyo mpaka mchoke, ni yenu. Na akikataa jina, ipeni karakana jina lingine, karakana ya vijana, chochote. Msigombanie jina mkapoteza chumba.

SWALI: Asalaam aleikum. Niko Mombasa, binti yangu wa sekondari anapenda mambo ya kompyuta na mashine, lakini kila pahali naona ni vijana wa kiume tu. Namruhusu vipi?

JIBU: Waaleikum salaam mama. Usimruhusu kwa macho yaliyofumba, nenda naye mara ya kwanza, ukae mpaka mwisho. Mombasa mna Swahilipot Hub, pale jirani na Fort Jesus, inayokusanya vijana wa teknolojia na sanaa, pa kuanzia pazuri. Ukifika angalia vitu hivi: choo kina komeo la ndani? Kuna watu wazima wawili wanaojulikana muda wote, mmoja wao mwanamke? Wanafunga saa ngapi, na binti anarudije nyumbani usiku? Alafu kaa kimya utazame pale mezani, msichana akiuliza swali anajibiwa au ananyang'anywa bisibisi afanyiwe? Hili la mwisho linanikera kuliko yote, maana wanaolifanya hudhani wanasaidia, na msichana anatoka pale amejifunza kwamba kazi ile sio yake.

Na nyie waanzilishi mnaosoma, msiandike "wote mnakaribishwa" mkadhani imetosha. Noisebridge kanuni yao kuu ni kwamba watu watendeane wema kupita kiasi, maneno mazuri, lakini wema unahitaji mtu mwenye jina ambaye ukisumbuliwa unamfuata na ana mamlaka ya kumtoa mtu nje jioni hiyohiyo. Mteueni kabla hamjamhitaji.

SWALI: Zana zinapotea, na juzi betri ya simu imewaka moshi mezani. Tunaogopa. (Arusha)

JIBU: La zana, chukueni ubao, pigilieni misumari, kila zana ichorwe umbo lake kwa rangi. Pengo linaonekana hata ukiwa mlangoni, na kabla ya kufunga hakuna anayetoka mpaka ubao umejaa.

La betri nawaomba mlichukulie kwa uzito mkubwa. Betri ya lithiamu iliyovimba haitobolewi, haikandamizwi, haichajiwi, hairudishwi kwenye simu. Wekeni ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, nje, mbali na mlango, ya kuhifadhi zilizovimba. Zile seli za laptop mnazozitoa kutengeneza power bank, mwisho wa kuchaji ni volti 4.2, na iliyoshuka chini ya 2.5 msijaribu kuifufua. Maikrowevu msifungue kabisa kama hakuna fundi mzoefu, kapasita yake inaweza kubaki na umeme wa kuua hata ikiwa imechomolewa. Na pasi ya solda, moshi unaouona unatoka kwenye flaksi, ile dawa inayosaidia solda kushika, unaumiza mapafu, feni ndogo ya kompyuta iuvute nje, wakati madini ya risasi yaliyomo kwenye solda yanaingia kupitia mikono, kwa hiyo hakuna kula chapati mezani kabla ya kunawa kwa sabuni.

SWALI: Kuna mwenzetu amefukuzwa kwa kodi, analala karakana wiki ya pili. Tumuache?

JIBU: Hapana. Mchangieni, mtafutieni chumba, mpeni godoro nyumbani kwa mmoja wenu, lakini asilale hapo. Chumba cha wote kikishakuwa chumbani kwa mtu, wageni wanaona aibu kuingia. Ohlig na Weiler walilionya hili pia. Mwambieni leo, kwa upole, na mumsaidie kubeba mizigo.

SWALI: Nipo Maskati nafanya kazi, kwetu ni Pemba. Nataka kuwatumia vijana wa nyumbani printa ya 3D. Ni wazo zuri?

JIBU: Moyo mzuri sana huo ndugu yangu, ila waulize kwanza kama wana siku yao ya kukutana. Kama hawana, printa itakaa kwenye boksi. Kama wanayo, jua kwamba uzi wa plastiki wa printa unanyonya unyevu na hewa ya Pemba unaijua, kwa hiyo utume na madebe yenye mfuniko wa kubana na vile vipakiti vya kukausha, na umeme ukikatika katikati ya kazi ya masaa sita mara nyingi kile kitu kinaharibika. Inawezekana kabisa, kule Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou alijenga printa ya 3D mwaka 2013 kwa vipande vya mashine za jalalani, alikuwa na karakana ya WoeLab na wenzake nyuma yake.

Ningekuwa mimi, mwaka wa kwanza ningetuma maltimita nne, pasi za solda zenye kudhibiti joto pamoja na ncha za akiba, flaksi nzuri, na ningewalipia intaneti ya miezi mitatu. Alafu ukija likizo nenda siku yao, kaa mezani, uone wanakwama wapi, hapo ndo ununue mashine.