Kijana wa kidato cha tatu na vepu: je, atahamia kwenye sigara?

Mkuu, umeuliza kama mwanao uliyemkuta na vepu (sigara ya kielektroniki) ataishia kwenye sigara, na yeye anajitetea kwamba ni mvuke tu. Waliotangulia kukujibu wengi wamesema mchape. Mimi ni patron wa bweni la wavulana huku Pwani, shule ya binafsi, miaka kadhaa sasa, kwa hiyo nakueleza ninayoyaona.

Tuanze na kifaa chenyewe. Hizi za kutupa zinazouzwa mjini, nyingi zina maandishi madogo ubavuni: 5%. Watoto wanaisoma kama alama za mtihani, wanaona ni kidogo. Asilimia 5 ni kama miligramu 50 za nikotini kwa kila mililita, wakati Uingereza na Umoja wa Ulaya wameweka kikomo cha miligramu 20. Isitoshe, nikotini yake ni ya chumvi, yaani imechanganywa na asidi, haikwaruzi koo, ndiyo maana mtoto ambaye hajawahi kushika sigara anaivuta bila hata kukohoa. Sigara ikishaungua imeisha, na harufu inamchongea aliyevuta. Vepu ya embe anaivuta chini ya shuka saa sita usiku, asubuhi anaipenyeza kwenye mkono wa sweta, anapiga pafu mbili chooni kabla ya kuingia darasani. Hakuna kinachomwambia basi.

Sasa sigara. Kwangu sijaona kijana wa vepu akaamka tu siku moja akatamani moshi. Ninachokiona ni vepu kuisha. Katikati ya muhula hela ya matumizi imekata, pa kuchajia hakuna, na anayewaletea kutoka mjini hajatokea. Vepu ni makumi ya maelfu ya shilingi. Nje ya uzio kuna kibanda kinauza sigara moja moja kwa shilingi mia chache, na kiberiti unaazimwa hapo hapo. Arosto, ile hamu kali ya kukosa nikotini, haichagui. Wale wale waliokuwa wanawacheka wavuta sigara kwamba wananuka, ndio tunaowakuta nyuma ya matangi ya maji na kipisi.

Kuna mdau hapo juu kaleta takwimu za Marekani kuonyesha kwamba uhusiano haupo. Takwimu ni za kweli: mwaka 2019 asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari za juu kule walikuwa wanavuta vepu, mwaka 2024 wakashuka hadi 7.8, na wavuta sigara walikuwa 1.7 tu. Hata miaka ya kabla, vepu ilipokuwa inapanda, sigara haikupanda nayo. Lakini kule kule, National Academies, taasisi ya wanasayansi inayoishauri serikali, walipopitia tafiti mwaka 2018 walikuta ushahidi mzito kwamba kijana anayevuta vepu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kujaribu sigara. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Sehemu yake ni hulka, maana anayejaribu hiki ndiye anayejaribu na kile, na ninao vijana ambao sigara ndiyo ilitangulia, vepu ikaja kuficha harufu. Ila Mmarekani ananunua pakiti nzima, kwa bei kubwa, na tangu Desemba 2019 sheria inamtaka awe na miaka 21. Mwanao anahitaji sarafu tu.

Ndiyo maana hilo la kumchapa na kumnyang'anya silikubali. Ukichukua kifaa ukamwachia arosto, halafu ukamrudisha shule na noti mfukoni, kibanda kinamsubiri. Mchukulie kifaa hicho wakati wa likizo, akiwa nyumbani chini ya macho yako. Siku za kwanza atakuwa na hasira za ovyo, usingizi wa mang'amung'amu, kichwa hakitulii kwenye daftari. Hali hiyo hupungua ndani ya wiki chache, kwa hiyo usisubiri wiki ya mwisho kabla shule haijafunguliwa. Hela ya matumizi muachie patron au matron, achukue kidogo kidogo.

Na jamani msimtishe kwa zile picha za wagonjwa wa mapafu wa Marekani 2019. Wengi wao walivuta katriji za bangi zilizochanganywa na vitamini E asetati, aina ya mafuta mazito. Kijana atagugo, na akishakukamata kwenye hilo hatakuamini tena ukimweleza habari za nikotini. Akikwambia vepu ina afadhali kuliko sigara, mkubalie kwamba ni hivyo kwa mtu mzima aliyekuwa anamaliza pakiti kwa siku akaiacha kabisa. Kisha muulize yeye alikuwa anaacha nini.

Mkuu, rudi utuambie mambo mawili: kwenye kifaa chake pameandikwa asilimia ngapi, na akiamka asubuhi anakaa muda gani kabla ya kuvuta? Kama anavuta kabla hata hajanawa uso, mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha sasa hivi, usingoje likizo.