Nimehamia dona, mbona sukari haishuki?

Swali: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu, nina miaka 49, uzito kilo 92, urefu sentimita 168. Mwaka jana niligundulika na kisukari aina ya pili, natumia metformini peke yake. Sukari ya kwenye chai nimeacha, na sembe nimeacha nikahamia dona. Asubuhi nakunywa uji wa lishe. Usiku nakula ugali, maharage, mchicha na ndizi mbivu moja. Nikipima saa mbili baada ya chakula cha usiku napata 12 hadi 13 (mmol/L), na uzito uko palepale. Mwenzangu ananishauri niache wanga wote nile nyama na mayai tu. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, sukari ya chai uliyoiacha usiirudie. Ila dona haiwezi kukupa ulichokitarajia. Gramu 100 za unga wa mahindi, uwe umekobolewa au haujakobolewa, zina wanga wa takriban gramu 75 na kilokalori 350 hivi. Dona imebaki na pumba na kiini, kwa hiyo ina nyuzinyuzi, vitamini na madini zaidi, na kwa sababu hiyo endelea nayo. Lakini bonge la ugali likiwa na ukubwa uleule, sukari inayoingia kwenye damu haipishani sana.

Tuihesabu sahani yako ya usiku. Mtu mzima anayejipakulia bila kupima hufikisha gramu 400 za ugali kirahisi. Hizo zimetokana na unga wa gramu 130 hivi, yaani wanga karibu gramu 100. Kikombe cha maharage yaliyochemshwa kina protini gramu 15, lakini pia kina wanga gramu 40. Karibu theluthi yake ni nyuzinyuzi zisizopandisha sukari, zilizobaki zinahesabika. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa kuwa maharage kwetu ni mboga, na mboga hatuihesabu. Ndizi ya wastani inaongeza gramu 27. Jumla ni zaidi ya gramu 160 kwa mlo mmoja. Metformini kazi yake kubwa iko kwenye ini, kupunguza sukari inayotengenezwa huko. Haizuii wanga wa sahani kumeng'enywa.

Anza na gramu 45 hadi 60 za wanga kwa mlo. Pima unga kabla ya kusonga, kwa sababu ugali laini na ugali mgumu haulingani kwa macho. Ukisonga unga wa nusu kilo ukapata ugali wa kilo moja na nusu, basi gramu 150, bonge la ukubwa wa ngumi yako, zina unga gramu 50 na wanga kama 38. Weka na maharage nusu kikombe (wanga 20, protini 7 hivi), umefika. Ndizi ihamishie saa kumi jioni, na iwe nusu. Kama nyumbani mnakula sinia moja, chota fungu lako kwanza uliweke kwenye sahani yako. Ukimega pamoja na wengine huwezi kujua umekula matonge mangapi.

Nafasi iliyoachwa na ugali ijazwe na protini na mboga za majani. Kwa urefu wako nakadiria protini kwa kilo 70, si kwa kilo 92 za sasa: gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo, yaani gramu 70 hadi 85 kwa siku, zigawanywe karibu sawa katika milo mitatu. Kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100 kina kama 22. Konzi ya dagaa wakavu, gramu 30, ina takriban 18. Yai moja lina 6, glasi ya maziwa ya mililita 250 ina 8. Kosa la kawaida ni kulundika protini yote usiku na kuiacha asubuhi mikono mitupu. Uji wako wa lishe ni unga uliosagwa laini ukaiva kwenye maji mengi, hakuna kinachouchelewesha tumboni. Badala yake kula mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu cha gramu 150 na chai ya maziwa isiyo na sukari.

Mpangilio wa kula nao una uzito. Anza na samaki na nusu ya mchicha kwa kijiko, dakika 10 hivi, kisha ndipo uguse ugali. Protini na nyuzinyuzi zikitangulia, tumbo hutoa chakula polepole na kongosho hupata muda wa kutoa insulini. Maliza kwa kutembea dakika 15.

Sasa jipime kwa utaratibu. Usiku tatu mfululizo kula mlo uleule, pima kabla ya kula na saa mbili tangu uanze kula. Lengo la kawaida ni chini ya 10. Ikizidi, punguza ugali kwa gramu 50 na urudie. Usibadilishe mambo mawili kwa pamoja, hutajua lipi limesaidia. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kutoboa kidole. Aliyetoka kumenya ndizi ana sukari ya tunda kwenye ngozi, na tone la damu likipita hapo kipimo kinasoma juu kuliko ukweli.

Nyama na mayai pekee sikushauri. Utakosa nyuzinyuzi, choo kitakuwa kigumu, na mafuta kwenye damu yanaweza kupanda. Zaidi ya hayo, kisukari huharibu figo kimyakimya: kabla ya kuongeza protini omba kliniki wapime kreatinini ya damu na albumini ya mkojo. Figo zikiwa zimeguswa, kiwango hushuka hadi karibu gramu 0.8 kwa kilo. Kwa metformini peke yake, kupunguza wanga ni salama kwa walio wengi. Anayetumia glibenklamidi au insulini asipunguze kabla daktari hajarekebisha dozi, sukari inaweza kushuka mno ikamwangusha. Na anayetumia dapagliflozini au empagliflozini, dawa zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, asiache wanga kabisa, damu inaweza kujaa asidi hata sukari ikionekana si ya juu sana.

Uzito kukwama nadhani kunatokana na mafuta pia. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kilokalori 120, na anayemimina kutoka kwenye dumu kwa kukadiria humwaga vitatu bila kujua. Mchicha wa watu wanne unatosheka na vijiko viwili. Kupungua kilo 4 hadi 5 tu, yaani asilimia 5 ya uzito wako, huanza kushusha hata sukari ya asubuhi. Baada ya miezi mitatu rudia kipimo cha HbA1c, yaani wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na uende nacho kliniki pamoja na daftari la vipimo vyako vya usiku.